Pampu ya Petroli ya Bwana Shomari

Vijana wangu wa stoo, siku mliyoniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na hotuba. Blanketi najifunika, saa naitazama, lakini hotuba imenikaa vibaya kifuani. Msemaji wenu alisimama akatangaza kwamba kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta, Mzee Ambakisye hajapata kumpa mteja spea isiyo yake. Mkapiga makofi. Niliinamisha kichwa, na nikamsikia mmoja wenu akinong'ona, "Mwoneni mzee alivyo mnyenyekevu." Haukuwa unyenyekevu. Nilikuwa naona aibu, na tangu siku ile sijapata raha, ndiyo maana nimeketi na daftari hili.

Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo vyangu mnavijua, maana mlivisengenya nyuma ya rafu mkidhani masikio yangu yamezeeka pamoja na miguu. Nitaandika jinsi nilivyoanza, aliyenifundisha, na nilichomfanyia.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa nimetoka shule ya misheni kule milimani Rungwe na sifa ya mwandiko mzuri. Mtu wa kwanza kuniajiri hakuwa na haja na mwandiko. Aliitwa Fundi Mgaya, Mbena aliyejifunza ufundi jeshini wakati wa vita, na hakujua kusoma hata jina lake. Gereji yake ilikuwa Uyole, kando ya barabara kuu: mabati manne juu ya nguzo za mkaratusi, pipa la oili chafu, benchi moja, na sanduku kubwa la mbao lililojaa spea kuukuu. Asubuhi za Uyole mnazijua. Ukishika spana kabla jua halijapanda, vidole vinauma mpaka unatamani kulia, na Fundi Mgaya alikuwa anaanza kazi kabla jua halijapanda.

Siku ya kwanza aliniambia nifumbe macho, niingize mkono ndani ya lile sanduku, nitoe kitu.

"Hiki nini?" akauliza.

"Chuma."

"Chuma cha nini?"

"Sijui, Fundi."

"Basi na wewe ni mtu wa nini?"

Alirudia mchezo huo kila asubuhi. Baada ya miezi mitatu niliweza kutambua kwa vidole bushi ya springi, vali, kifuniko cha kabureta, na hata kujua chuma kimelika upande gani. Kuna siku nilitaja kitu nikakosea, akanikatalia chai mpaka nilipopatia. Mkewe, Mama Eliza, ndiye aliyekuwa anapika ile chai, na alikuwa ananimiminia mara mbili mumewe akigeuka. Nawaambia haya ili mjue kwamba watu hawa walinilea.

Kwa kuwa hakusoma namba, Fundi Mgaya alipima kwa matete. Akihitaji spea kutoka Iringa, alikata tete kwa urefu kamili wa kitu chenyewe, kisha akalitia alama kwa kisu: alama moja mahali pa tundu la bolti, mbili mahali chuma kinapokunjwa, tatu mahali kinapoishia. Tete alimpa dereva wa basi, na dereva alilifikisha stoo pamoja na maneno mawili matatu. Mafundi wengine wa barabara ile walifanya vivyo hivyo, mwingine kwa uzi wenye mafundo, mwingine kwa ganda la mti. Ukiona ni ushamba, kumbuka hali ya magari ya wakati ule. Baada ya vita, vyuma vya jeshi viliuzwa kwa mafungu, na nusu ya magari ya nyanda zetu yalikuwa yanatembea na injini za magari mengine. Kadi ya gari ilisema hivi, na ukifungua boneti unakuta vile.

Ni yeye mwenyewe aliyenipeleka kituo cha basi aliposikia kuna stoo ya spea Iringa inatafuta karani anayesoma Kiingereza. Nilimwambia nataka kubaki. Akasema, "Hapa unachafua macho bure, Ambakisye. Kule kuna vitabu." Alinawa mikono kwa petroli na mchanga, akaisugua mpaka ikawa myekundu, ndipo akanipa mkono wa kwaheri. Sikuwa nimewahi kuiona mikono yake ikiwa safi.

Stoo ya Iringa ilikuwa ya Mhindi mmoja wa makamo, ambaye sote tulimwita tajiri. Alikuwa na sheria moja juu ya magari ya kabla ya vita: spea ya zamani iwekwe mezani, au kipimo chake, kabla mtu hajagusa kitabu. Karani mzee niliyempokea aliifuata sheria hiyo bila kuiwazia. Mimi niliifuata kwa miezi michache, huku moyoni nikiiona ni ya watu wasiojua kusoma. Nilikuwa nimegundua katalogi. Zilikuwa vitabu vinene vyenye michoro ya kila skrubu, na kila skrubu ilikuwa na namba yake, na namba ilikuwa na rafu yake. Nilizisoma saa ya chakula cha mchana, nilizisoma Jumapili. Nilianza kuvaa koti jeupe na kuchomeka penseli sikioni, ingawa penseli yenyewe niliitumia mara moja kwa juma.

Sasa nifike kwenye pampu. Bwana Shomari alikuwa mfanyabiashara wa Rujewa, mtu wa asili ya pwani, babu yake alipanda huku na misafara na hakurudi. Alikuwa na duka moja na pikapu moja. Pikapu ilikuwa ya Kimarekani, ya kabla ya vita, aliyoinunua kwa mkulima wa Kizungu, na alikuwa anaipenda kuliko wanavyopendwa watoto wengi ninaowajua. Aliipeleka Iringa kuchukua sukari na nguo za dukani, na msimu wa mpunga aliipandisha Mbeya na magunia ya mchele. Maisha yake na ya nyumba yake yote yalikuwa yamepanda juu ya pikapu ile.

Pampu ya petroli, kwa faida ya wale mliozaliwa na magari yenye vyombo vingine, ilikuwa kitu kidogo, inaenea kiganjani. Imefungwa ubavuni mwa injini kwa bolti mbili. Ina mkono wa chuma unaoingia ndani. Injini ikizunguka, mkono unasukumwa, nao unavuta ngozi ya kitambaa na raba, na ngozi ndiyo inayofyonza petroli kutoka tangini na kuipeleka kwenye kabureta. Mkono ukizidi urefu hata kwa upana wa ukucha, gari litawaka na litakwenda vizuri tu. Ila ngozi itakuwa inavutwa kupita kiasi kila mzunguko, na siku moja itachanika. Ikichanika, petroli inateremka ndani ya injini na kuchanganyika na oili, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi kitu.

Asubuhi moja aliingia Mponzi, dereva wa basi la Mbeya, Mhehe mrefu asiyependa kurudia maneno. Aliweka tete kwenye kaunta.

"Karani, mzigo wako wa Uyole. Fundi Mgaya anakusalimu sana. Pampu ya petroli ya pikapu ya Shomari imekwisha. Ameifungua, ameipima, ameirudisha na kuiziba ufa kwa sabuni ili gari litembee, maana mwenyewe hawezi kulilaza msimu huu. Anasema ufuate tete. Kitabu usifuate."

"Kitabu nisifuate? Alisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na hivyo vitabu alivitunga yeye?"

Palikuwa na wateja wawili kwenye benchi, wakacheka. Nilifurahi walivyocheka. Sijui kama mnajua furaha ya kijana aliyevaa koti jeupe mbele ya watu waliochafuka. Ilinipanda kichwani. Nilichukua nakala ya kadi ya gari la Bwana Shomari, tuliyoitunza stoo kama za wateja wengine, nikatazama aina na mwaka, nikafungua katalogi, nikafuata mchoro kwa kidole huku nikisoma kwa sauti maneno ya Kiingereza ambayo hayakuhitaji kusomwa kwa sauti. Namba ikapatikana. Rafuni zilikuwapo pampu tatu zinazofanana kama ndugu, zote bolti mbili, na nikachukua ile iliyotajwa.

Hapo ndipo ningetaka mkono wangu ushikwe na mtu. Pampu ilikuwa mezani na tete lilikuwa mezani, nafasi kati yake haipiti shubiri moja. Sikuviweka pamoja. Ingenichukua muda wa kupenga kamasi. Lakini wateja walikuwa wananitazama, na kulipima tete mbele yao, baada ya maneno yale, kungekuwa kukubali kwamba mzee wa Uyole asiyejua kusoma ana haki ya kuniamuru. Niliivingirisha pampu kwenye karatasi yake ya grisi, nikaandika jina la Fundi Mgaya kwa mwandiko wangu mzuri, nikamkabidhi Mponzi. Tete nikalitupa kwenye pipa la taka.

Tajiri hakuwapo asubuhi ile. Aliporudi sikumwambia kitu, na mwenyewe hakuuliza.

Zilipita kama wiki tano. Bwana Shomari akaja Iringa kuchukua bidhaa, akasimamisha pikapu mbele ya stoo, akaingia na kanzu yake safi akicheka.

"Karani, mikono yako ina baraka," akasema. "Gari linavuta, wallahi. Na jambo jingine la ajabu: halili oili tena. Zamani nikifika Makambako naongeza. Siku hizi napima, naikuta imezidi niliyoacha. Alhamdulillahi, gari limeanza kujitengenezea."

Tajiri alikuwa kaunta. Akacheka, akanipiga begani, akamwambia Bwana Shomari kwamba tangu nije, stoo yake haina malalamiko. Nilicheka nao, huku nikiitupia jicho boneti. Oili haiongezeki. Kitu alichonifundisha Fundi Mgaya mwezi wa kwanza ni kwamba oili ikizidi yenyewe, kuna kitu kimeingia ndani yake.

Nilitoka nje nikijifanya naangalia matairi. Nikafungua boneti. Injini haikuwa ya pikapu ile. Ilikuwa ya gari la jeshi, na rangi ya kijeshi bado ilikuwa imeng'ang'ania kwenye pembe. Kitabu kilisema kweli kuhusu gari ambalo halikuwa mbele yangu. Nikachomoa dipstiki, ule ufito wa chuma wa kupimia oili, nikaupeleka puani. Ulinuka petroli. Oili ilidondoka kama maji.

Maneno niliyopaswa kusema yalikuwa machache: Bwana Shomari, gari hili lisiondoke. Tungebadilisha pampu, tungemwaga oili, kazi ya nusu siku. Nilirudisha dipstiki, nikafuta mikono kwenye kitambaa. Bwana Shomari alikuwa anakunja kanzu ili apande. Tajiri alikuwa mlangoni, bado anatabasamu na sifa zangu mdomoni. Nilijiambia kwamba atafika Uyole salama na Fundi Mgaya ataona mwenyewe. Nilijiambia ngozi huenda imetoboka kidogo tu. Kisha nikasema, "Safari njema, Bwana Shomari," nikamfungia mlango wa gari kwa heshima.

Alifika Rujewa, akapakia mchele, akaanza kupanda kwenda Mbeya. Kwenye mlima, kabla ya kufika Uyole, injini ikanoki. Beringi ziliyeyuka, fimbo moja ya pistoni ikatoboa ubavu wa injini. Pikapu ikarudi nyuma ikaingia mtaroni, magunia yakaangukia matopeni, na mvua ikanyesha juu yake siku mbili. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku, maana wanawake wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia.

Bwana Shomari hakuwa mtu wa kununa kimya. Alisema kituo cha basi, akasema msikitini, akasema sokoni Mbeya: Mgaya ameniua. Fundi Mgaya aliifungua ile injini mbele yake, akaonyesha ngozi iliyochanika na mkono uliozidi, akasema pampu haikuwa yenyewe. Ndipo Bwana Shomari akapanda basi kuja Iringa kuuliza.

Aliikuta stoo ina watu. Tajiri akaniita mbele. "Ambakisye, pampu ya Shomari uliitoa kwa kipimo au kwa kitabu?"

Mniwie radhi, vijana wangu. Kama ningesema kwa kitabu, ningekuwa nimekiri kuvunja sheria moja tu aliyokuwa nayo yule mtu. Karani wa duka jirani alikuwa amefukuzwa majuzi kwa kosa dogo zaidi. Na pale kwenye benchi walikuwa wamekaa watu, kama ile asubuhi nyingine.

"Kwa kipimo," nikasema. "Alileta tete. Nililifuata."

"Tete liko wapi?"

"Lilivunjika, nikalitupa."

Tajiri akamgeukia Bwana Shomari, akainua mikono. "Basi, ndugu yangu, kipimo kilikosewa. Stoo imetoa ilichoombwa."

Bwana Shomari alinitazama. Nadhani alikuwa ananionea huruma kwa kuletwa katika ugomvi usionihusu. "Haya," akasema, "mzee ameshachoka macho. Ningelijua mapema." Akaondoka.

Siku nne baadaye Mponzi akasimamisha basi. Hakuwa na tete wala barua. Alisimama kaunta kofia mkononi.

"Fundi Mgaya amenituma," akasema. "Anasema umsamehe. Anasema kama ni yeye aliyekosea tete, basi amekutia aibu mbele ya tajiri wako, na hakukusudia."

Nilikuwa na nafasi nyingine hapo. Mponzi alikuwa peke yake, tajiri alikuwa ndani anakula. Nilisema, "Mwambie yamekwisha." Mponzi akavaa kofia yake akaenda, akafikishe msamaha wangu.

Baada ya hapo nikawa karani mnayemjua. Sikutoa tena hata nati bila kuipima. Nilipima kwa rula, kwa uzi, kwa vidole nikiwa nimefumba macho. Wateja walikuwa wanalalamika kwamba nachelewesha, kisha wakaanza kunisifu kwamba sikosei. Kuna mtu alisafiri siku mbili kutoka Songea na gia ndani ya kikapu kwa sababu aliambiwa kuna karani Iringa hadanganyiki. Nilimhudumia kwa moyo wote na sikuweza kumtazama usoni. Wale mliofundishwa na mimi mnakumbuka nilivyokuwa mkali mtu akitupa kipimo. Mmoja wenu nilimpeleka pipani akakitafute kwa mikono. Mlidhani ni tabia ya uzee.

Bwana Shomari aliuza vyuma vya ile pikapu, akafunga duka, akarudi kwa ndugu zake pwani. Sikupata kumwona tena, na anwani yake sikuwahi kuitafuta.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inakaribia kwisha, tajiri akafungua tawi Mbeya, akanituma kulisimamia. Kutoka stoo yetu ya Iyunga mpaka Uyole ni mwendo mfupi kwa baiskeli, nami nilikaa Mbeya miezi saba bila kufika Uyole. Ukinituma upande ule, nilikuwa na udhuru. Mponzi ndiye aliyenitoa. Alikuja kununua mkanda wa feni, nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, Fundi Mgaya hajambo?

"Hajambo. Lakini fundi siku hizi si fundi," akasema. "Aliacha miaka sasa. Ile habari ya Shomari ilipotembea, madereva walihamia kwa wale vijana wa hapa Iyunga. Mimi niliendelea kwenda kwake. Basi siku moja nimempelekea breki, akazipima, akazipima tena, akanirudishia spana. Akasema, Mponzi, peleka kwingine, una abiria."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilipanda baiskeli. Mabati manne hayakuwapo. Zilibaki nguzo mbili, na mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mojawapo. Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, anapalilia viazi. Alikuwa amekonda. Aliponitambua alifuta mikono kwenye suruali haraka haraka, akaja.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa Kibena. "Kamwene. Nilisikia umekuja Mbeya, nikasema mtu mkubwa ana kazi nyingi."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipanga kuanza na habari za vitabu, jinsi vinavyodanganya, na ujana. Nilipomwona anafuta mikono ile, yote yakanitoka.

"Fundi, ile pampu ya Shomari. Tete lako sikulipima. Nililitupa. Nilifuata kitabu, halafu walipouliza nikasema nilifuata tete."

Alitazama viazi, kisha akanitazama mimi.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Niliuona mkono umezidi," akasema taratibu. "Siku naifunga niliuona. Nikasema, Ambakisye amesoma, huenda wametengeneza za namna mpya. Halafu ikaja habari kwamba mlifuata tete. Nikasema basi, kumbe macho yangu na mikono yangu vimepotea. Tete nilikata vibaya, na pampu ilipokuja nikaifunga hivyo hivyo." Akaokota jembe lake. "Kwa hiyo lilikuwa sawa."

"Lilikuwa sawa, Fundi."

"Na alama?"

"Zote tatu."

Niliapa kwa kitu ambacho sikuwahi kukipima, lakini sijutii kiapo hicho. Mtu yule hakukosea tete maisha yake yote.

Alimwita mkewe. Mama Eliza alitoka jikoni na unga mikononi. "Njoo usikie," Fundi akamwambia. "Ambakisye, sema tena, polepole, sikio moja la huyu limekufa." Nikasema mara ya tatu, nikiwa nimesimama katikati ya viazi. Nilipomaliza, Fundi Mgaya alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea barabarani, jembe begani, bila kutuaga.

Mama Eliza alibaki. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga.

"Huyu mzee akifunga mlango, anarudi kuangalia kama ameufunga," akasema. "Akipanda mstari wa viazi, ananiita nimwambie kama umenyooka. Mimi, nisiyejua spana wala nyundo. Miaka yote hiyo wewe ulikuwa wapi?"

"Iringa," nikasema.

"Iringa." Alisugua unga kwenye vidole. "Basi la Iringa linapita hapo kila siku, Ambakisye."

Tulisimama hivyo mpaka tuliposikia sauti. Fundi Mgaya alikuwa anarudi kutoka barabarani, na nyuma yake wanakuja madereva wanne, utingo wao, mwuza mahindi na mwenye hoteli ya chai. Alikuwa anatembea mbele yao upesi, mgongo umenyooka kama nilivyokuwa nimeuacha zamani. Aliwapanga ukutani, wengine akawavutia magogo wakae. Kisha akanigeukia.

"Hawa walikuwapo Shomari aliposema nimemuua," akasema. "Waambie na hawa."

Nikavua kofia, nikaanza upya tangu mwanzo.